Neno Kwenye Jiwe la Talusa

Talusa alikuwa hajafa, lakini kaburi lake lilikuwa tayari. Hilo halikumshangaza mtu mjini Beneventum, maana huko mwenye akili hawaachii warithi kazi ya kumtafutia maneno. Anajichongea jiwe mwenyewe angali anatafuna, analisimamisha nje ya lango kando ya njia ya Apia iendayo Roma, na kila akipita analitazama kama nyumba anayongoja kuhamia. Jiwe la Talusa lilikuwa dogo, kipande cha marumaru kilichosazwa na mafundi waliokuwa wakijenga tao la kaisari. Lilikuwa na mistari minne tu, na mistari hiyo minne ndiyo iliyomponza.

Alizaliwa utumwani, katika nyumba ya Rubrius mwuza sufu. Warumi wana jina la mtoto wa namna hiyo, verna, yaani mzalia wa nyumbani, na wanalitamka kwa upole kana kwamba ni sifa. Rubrius alipenda kumwonyesha kwa wageni. "Verna wangu huyu, hebu msikilizeni ulimi wake," alikuwa akisema, na Talusa, miaka sita, alijitahidi kuwachekesha kwa sababu alijua kicheko kikiisha kinachofuata ni kiboko. Alilivaa neno hilo miaka thelathini na miwili. Siku alipoguswa kwa fimbo ya uhuru mbele ya hakimu, akazungushwa mara moja kama desturi inavyotaka, jambo la kwanza alilolifanya akiwa mtu huru ni kutema mate chini. Rubrius alidhani ana kikohozi.

Akaanza kuuza dengu za kuchemsha langoni. Na alipopata nguvu kidogo, akanunua mtumwa. Sitamtetea kwa hilo, wala yeye hakuwahi kujitetea. Msichana mwenyewe aliitwa Helpis, alikuja na mimba ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nani, akajifungua, na mtoto akafa siku ya tatu. Haikupita wiki, Talusa akaenda asubuhi kumwaga maganda kwenye jalala la mtoni. Ilikuwa siku ya kwanza ya Machi, siku ambayo wake za watu hupewa zawadi na waume zao. Katikati ya majivu na mifupa ya samaki alikuta kitoto cha kike kimefungwa kwenye gunia, kina ushanga mmoja wa buluu shingoni na sisimizi kwenye kope. Kilikuwa hai. Kwa watu wale, mtoto akizaliwa hulazwa sakafuni, na baba akimwinua ni wake. Asipomwinua, mtu mwingine hutumwa kumtoa nje, na mlango unafungwa.

Akamwita Repentina, kwa kuwa alimjia ghafla. Helpis alitoa ziwa, Talusa akatoa mengine yote. Alimtafunia mkate akamtia mdomoni, akamfunga mgongoni mbele ya sufuria la dengu, akakesha naye meno yalipoota. Helpis alikufa kwa homa mtoto akiwa na miaka mitatu. Yeye hakuwekewa jiwe.

Chumba cha juu alikipanga Sabidius, mwalimu wa herufi, mzee mwenye jicho moja bovu, aliyewafundisha watoto wa watu barazani sokoni huku punda wakimkatiza maneno. Ada zake hazikumfikisha jioni, kwa hiyo alikula kwa Talusa na kulipa kwa kumfundisha Repentina. Ndiye aliyekuwepo siku ya kuchonga, akimsumbua fundi kwa kumsimamia begani.

Fundi aliitwa Epafra, mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kwa kazi ya tao. "Nimeshafika kwenye jina la mtoto," alisema, mkaa mkononi. "Repentina. Haya, Repentina nani wako? Sema upesi, mama, jiwe lenyewe kiganja."

"Binti yangu."

"Umemzaa?"

"Mimi? Sikumzaa."

"Basi siandiki binti. Uongo wa sokoni nausema mwenyewe kila siku, ila wa kaburini sitaki."

"Mwandike verna, yaishe," Sabidius akachokoza. Talusa alimtazama hivi kwamba mzee alirudi nyuma hatua moja. "Natania, mama Repentina, natania! Lipo neno lake hasa. Alumna."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Limetoka kwenye alo, nalisha." Sabidius alipopata neno la kueleza, hata jicho bovu lilifunguka. "Wazee wa zamani sana, kabla Roma haijawa na ukuta, walikuwa na mkia wa kuunga kwenye neno ili kumtaja mtu anayetendewa jambo, na jambo lenyewe bado linaendelea. Mkia huo siku hizi hautumiki. Umebaki kwenye maneno machache, hili mojawapo. Mvulana ni alumnus, msichana alumna. Si yule aliyelishwa akashiba akaondoka, la. Ni anayelishwa. Yuko mezani bado."

Talusa akasonya ili asilie. "Na verna? Nalo limetoka wapi?"

"Hilo hakuna ajuaye. Wako wasemao ni la Waetruski, watu wa kale, wengine wanasema ni la majira ya machipuko, wanajibunia tu. Asili yake imepotea. Hata umbo halijali, mvulana verna, msichana verna, hakuna tofauti."

"Watofautishe ya nini? Mnadani wote wanapanda jukwaa lilelile." Akamgeukia Epafra. "Chonga alumna."

"Alumnae," Sabidius akasahihisha, "kwa sababu jiwe ni kwa ajili yake."

"Chonga hilo refu basi. Na mstari wa nne uweke nilimwokota wapi, siku gani, na makonsuli gani walitawala mwaka huo. Asije mtu akasema niliiba."

Epafra akachonga, akapaka herufi rangi nyekundu. Neno hilo ndilo la kwanza Repentina alilolisoma peke yake. Alikuwa akilifuatisha kwa kidole kila walipopita, akiyatoa maumbo yake yote kwa wimbo kama alivyofundishwa, alumna, alumnae, alumnam, mpaka wachuuzi wa langoni wakawa wanamwita kwa wimbo wake.

Jiwe lilisimama miaka minne bila neno. Mwaka wa tano, homa ya vuli ikaingia Eklanum, mji wa jirani, ikapita nyumbani kwa mfanyabiashara wa nyumbu aliyeitwa Numisius Vegetus, ikachukua wana wake wawili na mkewe. Mtu aliyebaki hana mrithi huanza kuwakumbuka hata wale aliowatupa. Numisius alikuwa akipita njia ya Apia, akafanya wafanyavyo wapita njia wote kule, kwa sababu mawe yao yameandikwa yakimwita msafiri asimame, na kweli msafiri husimama. Akasoma. Alipofika mstari wa nne, akashuka kwenye nyumbu.

Alifika langoni, akaomba dengu, akazila zote akimtazama Repentina. "Masikio ya marehemu mke wangu hayo," akasema mtoto alipoondoka kuchota maji. "Alimfunga ushanga wa buluu, nikamwacha amfunge. Mtoto huyu ni wangu."

"Dengu zimekwisha," Talusa akamjibu. "Nenda zako."

"Nitakwenda kwa hakimu, mama."

Na akaenda. Jioni ile Talusa alipanda ngazi kwa Sabidius. "Mwalimu, niambie sheria. Usinipambie."

"Sheria ni yake," Sabidius alisema. "Baba hampotezi mtoto kwa kumtupa. Mtoto aliyezaliwa huru anabaki huru, hata jalalani."

"Kwa hiyo sheria haioni tofauti kati ya aliyemtupa na aliyemwokota?"

"Inaiona. Ila haijali."

"Akimchukua atamfanya nini?"

"Watu wa nyumbu wanasema yuko mshirika wake, mzee, kazika wake wawili. Mtoto ana miaka kumi na mmoja. Mwakani atakuwa na kumi na miwili, na kumi na miwili inatosha kuolewa."

"Mtoto wangu? Kwa mzee?" Talusa alishika ukuta. "Hakuna njia? Hata ya aibu?"

"Hakuna. Labda angekuwa mtumwa wako." Akalitupa tu neno hilo, kama mtu aliyechoka, kisha akauona uso wake. "Mama Repentina. Sikusema kitu. Sikia, sikusema kitu!"

Lakini alikuwa ameshasema. Siku ya shauri, mbele ya hakimu wa mji, Talusa alisimama akatamka kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua kwamba msichana huyo ni verna wake, mtoto wa mtumwa wake marehemu Helpis, na kwamba bwana yule wa nyumbu amefiwa hadi akili zimemruka. Majirani wawili wakaapa kwamba walimwona Helpis ana mimba, kisha wakamwona akimnyonyesha mtoto huyo. Hawakusema uongo, maskini. Numisius akacheka.

"Mheshimiwa, mama huyu ana jiwe lake pale nje. Ameandika kwa mkono wa fundi kwamba ni alumna, na siku aliyomwokota. Twende tukasome."

"Tutakwenda kesho asubuhi," hakimu akasema. "Na wewe mama wa dengu, jiwe likisema mengine, utanijua mimi ni nani."

Mchana uleule, mji mzima ulipokwenda bafuni kuoga, Talusa alimvuta Epafra kwa mkono mpaka kaburini. Mvua nyepesi ilikuwa imekatika.

"Unajua unaniambia nifanye nini?" Epafra alinong'ona. "Mtumwa akikutwa anachokoa kaburi la mtu, wanamvunja mikono!"

"Kaburi la nani? La kwangu. Mwenyewe ndiye mimi, na ndiyo kwanza nina njaa."

Epafra akacheka bila kupenda, akatoa patasi. Herufi zilizochongwa haziwezi kufutwa, ila kwa kulipunguza jiwe lenyewe mpaka ufike chini yake. Akauondoa mstari wa nne wote. Akaliondoa alumnae, na mahali pake pakawa na bonde la kina cha kidole. Ndani ya bonde hilo akaanza kuchonga vernae. Talusa alivumilia hadi herufi ya pili, akaenda kukaa juu ya kaburi la mtu mwingine akiwa amempa mgongo. Alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia Rubrius. Akajiambia ni kwa muda tu. Nitampa uhuru mara tu wakisahau, akajiambia, nitampeleka mimi mwenyewe aguswe kwa fimbo.

"Utampa uhuru, sawa," Sabidius alimwambia baadaye, wakiwa ngazini. "Lakini atakuwa mtumwa aliyeachwa huru, kama wewe. Kuzaliwa huru alikozaliwa nako hakuwezi kurudi. Hakuna fimbo ya hilo."

"Atakuwa hapa."

"Ndiyo," Sabidius akasema. "Atakuwa hapa."

Talusa alidhamiria kumwambia mtoto kabla ya kulala. Akamkuta anaosha sufuria, anaimba alumna, alumnae, anampangia kichekesho cha kesho kuhusu pua ya hakimu. Alifungua mdomo. Kilichotoka ni kumwambia asisahau kufunika chumvi.

Asubuhi walikwenda wote. Hakimu na walinzi wake mbele, karani, Numisius na nyumbu wake, majirani, wachuuzi walioacha meza zao, Sabidius akiburuta miguu nyuma kabisa. Repentina alimshika Talusa mkono. Yeye aliambiwa tu kwamba yule bwana anadai kitu na jiwe litaamua, na kwa kuwa alilijua jiwe hilo kwa moyo, hakuwa na wasiwasi.

Karani akainama asome. Hakimu akamzuia. "Ngoja. Nasikia mtoto anajua kusoma. Asome yeye, isije ikasemwa karani wangu kala kitu cha mtu."

Repentina aliachia mkono wa Talusa, akaenda kupiga magoti mbele ya jiwe, akaanza kwa sauti ya shuleni.

"Rubria Talusa, aliyeachwa huru na Rubrius, alijitengenezea jiwe hili angali hai, kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya Repentina..."

Kidole kilikuwa kimeshatangulia mahali kilipozoea. Kikatumbukia kwenye bonde. Repentina akainama karibu, akatazama. Alipokitoa kidole, ncha yake ilikuwa nyekundu. Rangi ilikuwa haijakauka, unyevu wa jana ulikuwa bado kwenye jiwe.

"Imeandikwa nini?" hakimu akauliza. "Repentina nani?"

Mtoto hakumgeukia Numisius. Alimgeukia Talusa. Alimtazama kwa muda mfupi tu, lakini mwanafunzi wa Sabidius hakuwa mjinga, na mambo yote aliyofichwa aliyasoma usoni pale, moja baada ya jingine, bwana wa nyumbu, ushanga wake wa buluu, na kwa nini rangi ni mbichi. Kisha akakikunja kidole ndani ya ngumi, akaifutia ngumi kwenye kanzu mgongoni ili watu wasione, akanyanyuka.

"Vernae," akasema. Alilisema wazi na kwa utulivu. "Imeandikwa vernae. Mimi ni mzalia wake, mheshimiwa. Mtumwa wake."

Numisius akatukana. Hakimu akampa karani ishara ya kichwa aandike. Mambo yalikuwa yamekwisha, Talusa alikuwa ameshinda. Ilikuwa imebaki karani achovye kalamu.

Lakini alilisikia neno lile katika mdomo ule. Aliwasikia wageni wa Rubrius wakicheka. Alimwona mtoto wa miaka kumi na mmoja amesimama wima mbele ya watu, anajitia mwenyewe pale ambapo yeye alitumia miaka thelathini na miwili kutoka, na anafanya hivyo kwa ajili yake. Akapiga ukelele ambao uliwashtua nyumbu.

"Muongo mimi! Si verna huyo! Usiandike! Mheshimiwa, usiandike, nimechongesha jana, rangi mbichi ile, tazama kanzu yake mgongoni! Nilimwokota jalalani siku ya kwanza ya Machi. Ni mtoto wa watu. Amezaliwa huru, hajawahi kuwa mtumwa wa mtu hata siku moja, naapa kwa miungu yote!"

Watu wakaguna. Karani akagusa jiwe, akaangalia kidole chake, akamwonyesha hakimu. Hakimu alimtazama Talusa kama anavyotazamwa kichaa. Alitaka kumwadhibu, lakini naye alikuwa mtu, akasema tu kwamba msichana ni huru na ni wa baba yake, akaondoka upesi.

Repentina alimjia Talusa, akamshika nguo kwa mikono yote miwili, akawa anamtikisa. "Mama, kwa nini? Kwa nini umesema? Nilikuwa nimeshasema! Mimi nilikuwa nimeshasema!"

"Najua, mwanangu."

"Ingekuwa imekwisha! Tungeenda nyumbani!"

"Najua."

Numisius hakuwa mkatili. Aliwangoja, akisugua shingo ya nyumbu, mpaka alipoona hakutakuwa na mwisho. Akambandua mtoto vidole kimoja kimoja, akampandisha. Kwenye bega la Talusa kukabaki alama ndogo nyekundu ya kidole, naye hakuifua nguo ile tena.

Mwezi wa Aprili alimrudia Epafra. Akamtaka aliondoe vernae, alirudishe neno la kwanza. Epafra aliligonga jiwe kwa kucha, akalisikiliza.

"Kuliondoa naweza," akasema. "Kuandika jingine, hapana. Limeshakuwa jembamba, mama. Patasi itatokea upande wa pili."

"Liondoe basi."

Akaliondoa. Likabaki jina la Repentina, na baada yake shimo laini lisilo na kitu. Habari za Eklanum zilifika masika yaliyofuata kwa mchunga nyumbu mmoja, kwamba harusi imefanyika, na kwamba bi harusi hakusema neno toka asubuhi hadi jioni. Sabidius alipozipata alikwenda kukaa ngazini, hakufundisha siku tatu. Talusa alibeba sufuria lake, meko yake na kigoda chake, akavihamisha kutoka langoni mpaka nje, kando ya kaburi, mahali ambapo biashara ni mbovu na upepo unaingiza vumbi kwenye chakula.

Yuko pale hadi leo. Wapita njia wa Apia husimama wakasoma kwa sauti, kama desturi yao. Rubria Talusa, aliyeachwa huru na Rubrius, kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya Repentina. Hapo sauti hukwama, msomaji huinama, hupitisha kidole kwenye shimo, na kwa kuwa mtu wa kuuliza ni mmoja tu, humgeukia yule mama mwenye upawa.

"Repentina huyu nani wako, mama?"

Talusa hufunika sufuria kwanza, vumbi lisiingie.

"Ninayemlisha," husema.